Wenye Pembe wa Bibi Truda

Ukitaka kumjua Hilda Ndahani usianzie kanisani, ingawa huko ndiko anakojulikana zaidi. Anzia shambani, kwenye mizabibu ya Hombolo, siku ya kupogolea. Wengine hupogolea kwa kukisia, wakakata hapa, wakaacha pale, mzabibu ukabaki kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Hilda husimama kwanza. Anautazama mti kama mama anavyomtazama mtoto aliyetoka kucheza, anajua pameumia wapi, ndipo mkasi unalia. Akishakata harudi nyuma kuangalia. Na alivyo kwa mizabibu ndivyo alivyo kwa maneno. Akishasema, amesema.

Alizaliwa upande wa Mvumi, akaletwa Hombolo na ndoa. Mume wake, Chilewa, alikuwa mtu wa ng'ombe na maneno machache, mpole kiasi kwamba watu walidhani nyumba ile inaongozwa na Hilda. Hawakukosea sana. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Gladness, na Hilda akamlea kwa mkono mgumu na chakula cha kutosha, akamwoza kwa kijana wa kijiji kilekile aitwaye Luka, fundi wa kuchimba visima. Kanisani akachaguliwa kiongozi wa akina mama. Sare ile, gauni jeupe na kilemba cha buluu, aliipiga pasi ya mkaa mwenyewe kila Jumamosi, na hakuna aliyewahi kuiona ina mkunjo. Kusoma anasoma kwa shida, kidole chini ya mstari. Lakini nyimbo zote anazo kichwani, na ngoma ya akina mama akiipiga yeye hata wagonjwa hunyanyuka.

Shamba alilofanyia kazi miaka mingi lilikuwa la Wajerumani. Si wale wa zamani wa kiboko na kodi. Hawa walikuja wenyewe, watu wakiwa tayari na redio na baiskeli, mume akitaka kulima zabibu katika nchi kavu. Mume aliitwa Alois. Mke kwao aliitwa Gertrud, jina linalokwama kooni kama mfupa wa samaki, basi watu wakalilainisha likawa Truda. Bibi Truda. Nyuma yao wakafuata wengine, mmoja mmoja, kama ndege wanaomwona mwenzao ametua: fundi wa pampu na mkewe, mwalimu wa useremala, muuguzi, ndugu yake Alois na watoto wake wengi. Wote wakakaa kati ya Hombolo na mjini Dodoma, na wote walitokea milima ileile ya kwao.

Kwao siku za Krismasi ni siku za giza na baridi, jua linachungulia kidogo kama mgeni asiyetaka kukaa. Basi wazee wao tangu kale, siku zile baada ya Krismasi, walivaa sura za bandia za mti, ngozi, majani makavu na pembe, wakajifunga kengele za ng'ombe, wakaenda nyumba kwa nyumba kuutisha ubaridi uondoke. Huku kwetu hakuna ubaridi wa kutisha. Krismasi ikifika sisi tunatazama mawingu, na mwenye bahati tayari anapanda uwele. Lakini mtu akihama haachi mila yake kwenye kizingiti. Wajerumani wale nao kila mwaka, jua likianza kulala, walivaa pembe zao na kupigiana hodi, jasho likiwatiririka ndani ya ngozi.

Mchezo ulikuwa na sheria zake. Aliyevaa sura hasemi neno. Mwenye nyumba humtazama mwendo, humshika mkono, humnusa akipenda, kisha humtaja jina. Akilipata, mgeni anavua sura, anakaa, anakula biskuti. Asipolipata, mgeni anaondoka na biskuti zake mfukoni bila kujulikana, na mwenye nyumba huchekwa mpaka Krismasi ya pili. Mwenye pembe ndiye mkubwa wao. Yeye humwaga karanga sakafuni, watoto wakiinama kuokota huku yeye akiwagusa vidole kwa kijiti, hasa wale wenye pupa.

Hilda kazi yake siku hizo ilikuwa jikoni, kuchoma biskuti za tangawizi na mdalasini. Mwaka wa kwanza hakuna aliyemweleza jambo. Akageuka akamwona mwenye pembe amesimama mlangoni, naye akamtupia bakuli zima la unga uliokandwa, likampata usoni. Alikuwa bwana Alois. Walicheka wote isipokuwa Hilda, aliyesema kwamba mtu mwenye pembe akiingia jikoni bila hodi atapata alichopata, na unga wapime mwingine.

Miaka ikaenda. Mwalimu wa useremala akarudi kwao. Mke wa fundi wa pampu akaugua, wakaondoka. Muuguzi akaolewa mbali. Watoto wa ndugu yake Alois wakakua, wakatawanyika, na wazazi wakawafuata. Kisha Alois mwenyewe akafariki, akazikwa pembeni ya mizabibu. Watu walitegemea Bibi Truda afunge mizigo. Hakufunga. Alisema kaburi halibebwi kwenye ndege, akabaki. Halafu macho yakaanza kumwacha, kwanza la kushoto, kisha la pili. Waganga wa macho walifanya walichoweza. Mwishowe akawa anaona mwanga na kivuli tu, na Hilda akahamia kazi ya kumshika mkono mchana na kumrudisha ndani jioni.

Krismasi moja, mwaka juzi, Bibi Truda aliomba waoke biskuti. Hilda akaoka. Bibi akavaa gauni lake zuri, akapanga sahani mezani kwa kupapasa, akakaa uso umeelekea mlangoni. Mvua ilikuwa inanyesha. Hapakuja mtu, maana hapakuwa na mtu wa kuja. Alikaa hivyo mpaka sahani zikajaa mabawa ya kumbikumbi wa mvua, kisha akasema polepole, "Labda mvua imewazuia."

Hilda aliinuka. Alikusanya sahani. Lakini neno lile lilimwingia kama mwiba wa mgunga, unaouvuta ukatika ncha ikabaki ndani.

Na hapa lazima lisemwe jambo ambalo Hombolo nzima inalijua. Chilewa alipofariki, Wajerumani wengine walikuja na gari, wakatoa pole, wakaondoka kabla ya chai. Bibi Truda alivua viatu mlangoni, akakaa mkekani pamoja na wanawake wa msiba, akala ugali kwa mkono, akalala palepale chini siku zote za matanga, mifupa yake ya uzee ikilia. Hakuuliza kwa nini wafiwa wanalala chini. Hakuuliza imeandikwa wapi. Aliona mwenzake analala chini, naye akalala.

Basi Hilda akaamua. Mwaka unaofuata wenye pembe watakuja kwa Bibi Truda, hata kama pembe zenyewe zitavaliwa na Wagogo.

Alimwambia Bibi wazi, maana hajui kuficha. Bibi akampa ufunguo wa sanduku la stoo na kusema asimwambie ni nani watakuja, vinginevyo mchezo umekufa. Hilda akafungua sanduku. Mchwa walikuwa wametangulia. Zile sura za mti, zilizochongwa huko milimani, zilikuwa zimebaki maganda. Ukizishika zinamwagika kama unga. Zilizosalia ni pembe na kengele. Mwingine angefunga sanduku akalia. Hilda alikwenda kwake akateremsha vibuyu vikubwa darini, akavipasua katikati, akavitoboa macho na midomo kwa kisu cha moto. Akasuka mavazi kwa mabua ya mtama. Ngozi za mbuzi anazo. Pembe akazifunga kwenye kibuyu kimoja kwa kamba za ngozi, akakianika juani ukutani, nje, kila apitaye akione.

Na waliopita wakaona. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kinasema Mama Gladness anafuga mizimu. Wengine wakasema ni frimasoni, Mzungu kipofu anataka kuacha utajiri wake na lazima mtu atolewe kafara. Akina mama wake wa kanisani, aliokula nao na kulia nao, wakaanza kuzunguka njia ya nyuma ya nyumba yake.

Aliyekuja mbele ni Sikuzani tu, mwenye duka la pale kituoni, mtoto wa Waislamu wa mjini, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kufukuza kunguru. Alikichukua kibuyu kimoja akakijaribu usoni.

"Nimependeza?"

"Umependeza kuliko siku zote," Hilda akamwambia.

"Basi andika jina langu. Mimi sina mchungaji wa kunifukuza. Na ndugu yangu Anuari nitamleta, cherehani yake imekufa na yeye anakufa nayo kwa uvivu."

Wa tatu akawa Joel, mpwa wa Hilda, mtu mrefu mwenye mabega, aliyepewa pembe. Hao watatu walitosha.

Maneno yakafika kanisani, na aliyeyafikisha alikuwa katekista Petro, ambaye kazi yake ni kuyafikisha. Mchungaji Damas, kijana aliyetoka chuoni muda mfupi, akamwita Hilda ofisini. Alimwamkia kwa adabu, akamkaribisha kiti, akaongea kwa upole juu ya vinyago na ibada za giza. Alisema kiongozi wa akina mama ni taa, na taa haiwekwi kwenye nyumba ya mizimu. Akisema hivyo hakumtazama, alitazama meza. Mwisho akasema kama jambo lile litaendelea, itabidi arudishe sare na uongozi apewe mwingine, na hata Meza ya Bwana asiikaribie mpaka atubu.

Usisikie watu wakisema Hilda alicheka, hakucheka. Sare ile ndiyo nguo pekee duniani aliyoivaa kwa kuchaguliwa. Nyingine zote alinunua. Meza ile ndipo alipoweka machozi yake yote ya ujane. Aliikalia mikono yake.

"Mchungaji," alisema, "yule mama alilala matangani kwangu. Hakuuliza kama mila yetu ni ya Mungu au si ya Mungu. Mimi nitaanzaje kumuuliza ya kwake?"

Mchungaji akasema huruma ni kitu kimoja na kinyago ni kitu kingine.

"Hujakiona," akasema Hilda. "Njoo ukione. Kaa ndani, karibu na Bibi, na Biblia yako. Ukiona shetani, mimi sitasubiri kuvuliwa. Nitaivua sare mwenyewe mbele ya akina mama wote, nikukabidhi imekunjwa. Lakini usinivue kwa habari za Petro."

Kijana yule akafikiri. Hakutaka kwenda, ilionekana. Lakini alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki ukimwambia njoo uone, amekwisha. Akasema atakuja.

Siku ilipofika, Hilda aliamka mwili mzito. Asubuhi hiyohiyo akapata habari kwamba Joel ameitwa kazini Chamwino kwa haraka, pampu ya serikali imegoma, wala hatarudi siku hiyo. Pembe hazina mtu. Hilda akataka kuvunja kila kitu. Gladness, binti yake, akamwambia atulie, mtu atapatikana, asiulize nani, jina lisije likamfikia Bibi. Na hapa ndipo kosa lilipozaliwa. Maana mwaka hadi mwaka Hilda alikaa jikoni, na Gladness alijua hivyo. Hakujua kwamba mwaka ule, kwa sababu Bibi haoni, Hilda angekaa sebuleni pembeni yake amsimulie wageni walivyo.

Jua lilipoanza kulala, sebule ilijaa. Watoto wa wafanyakazi wa shamba walikaa chini kwenye mkeka. Bibi Truda alikuwa na gauni lile zuri. Mchungaji Damas alikaa kiti cha ukutani, Biblia magotini, mgongo umenyooka kama mtu anayesubiri sindano. Hilda alivaa sare. Alisema kama ni kuivua, ataivua ikiwa imevaliwa vizuri.

Hodi ya kwanza ikapigwa kwa fimbo, kimya bila sauti ya mtu. Likaingia furushi la mabua ya mtama, fupi, pana, linatikisika likijaribu kutocheka. Watoto wakarudi nyuma. Hilda akamweleza Bibi umbo lake. Bibi akanyoosha mkono, akaushika mkono wa mgeni, akaunusa.

"Mafuta ya taa, karafuu na sabuni ya mche," alisema. "Sikuzani, umeacha duka na nani?"

Sikuzani akavua kibuyu, amelowa jasho, akacheka kicheko chake chote. Akasema bibi huyu ni mchawi kweli, kisha akamwona Mchungaji, akajiziba mdomo na kusema samahani baba, ni mazoea ya ulimi. Mchungaji akajikuta anatabasamu, akaacha.

Wa pili, Anuari, hakuchukua muda. Bibi alipapasa kidole chake cha sindano, kimekuwa kigumu kama pembe, akamtaja. Anuari akala biskuti nyingi kuliko ukubwa wake, na dada yake akamwambia mbele ya watu kwamba kula hajapoteza ufundi.

Halafu nje kengele zikalia.

Kengele zile za ng'ombe wa milimani zina sauti nene, na mwenye nazo alikuwa ameongeza njuga zetu miguuni, basi ikawa kama kundi zima la ng'ombe linaingia likicheza. Mlango ukasukumwa. Pembe zikatangulia. Lilikuwa jitu la ngozi nyeusi ya mbuzi, uso wa kibuyu umepakwa masizi, mdomo wa kibuyu umechekea upande. Watoto walipiga yowe, wengine wakaingia chini ya meza. Jitu likamwaga karanga sakafuni, zikatapakaa mpaka miguuni kwa Mchungaji, na watoto, pupa ikishinda hofu, wakatoka kuokota. Kijiti kikawagusa vidole, wakakimbia, wakarudi. Likazunguka, likatetemesha mabega, likaenda mpaka mbele ya Mchungaji, likainamisha pembe zake kwenye paji lake la uso, likatingisha kengele zote kwa pamoja.

Mchungaji aliikumbatia Biblia. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Hilda aliitazama midomo ile. Akaona basi, yamekwisha. Kwa mkono wake akaigusa kola ya sare yake.

Jitu likageuka ili liende kwa Bibi kushikwa mkono. Likapiga hatua. Hapo macho yaliyo ndani ya kibuyu yakamwona Hilda.

Kengele zikakatika. Zote. Lile jitu, ambalo lilikuwa halijamwogopa Mchungaji wala Biblia, likasimama kama limemwagiwa maji. Likauinamisha uso. Likaona haitoshi, likanyanyua mikono yake miwili likaufunika, uso wenyewe ni wa kibuyu! Likageukia ukutani, likaanza kutoka kiubavuubavu, likiburura mgongo kwenye ukuta, pembe zikakwaruza picha ya marehemu Alois ikabaki imelala upande. Mlangoni likachuchumaa kidogo kwa adabu, likapotea nje.

Hilda naye alikuwa ameshavuta kilemba chake kikamfunika macho. Hakuna aliyemfundisha wakati ule. Mkono ulikwenda wenyewe. Maana dunia nzima mwanamke ana mtu mmoja tu wa kumkimbia namna ile, na Hilda alikuwa na binti mmoja tu. Mgogo hakai chumba kimoja na mama mkwe wake akamchezea mabega usoni. Akimwona njiani anaingia porini. Akiwa na neno la kumwambia, analipitisha kwa mtu wa tatu. Luka tangu aoe hakuwahi kula mbele ya Hilda, wala Hilda kulitaja jina lake.

"Mbona kimya?" Bibi Truda akauliza. "Kengele zimekwenda wapi? Hilda?"

Hilda hakuweza kujibu. Ikabidi Mchungaji ajibu, sauti yake ikiwa nyembamba.

"Amegeukia ukutani, Bibi. Ametoka kiubavu. Amejifunika uso."

"Amejifunika uso wa kibuyu?"

"Ndiyo, Bibi. Kwa mikono miwili."

Bibi Truda akainamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza. Kisha kicheko kikaanza kumpanda kutoka tumboni, kikamtikisa, machozi yakamtoka kwenye macho yasiyoona.

"Basi huyo hana haja ya kushikwa mkono," alisema. "Huyo ni Luka. Mkwe wa Hilda."

Sebule nzima ikapasuka. Sikuzani alikaa chini sakafuni juu ya karanga. Hata watoto walielewa. Anuari akasema ameishi akasikia mengi, lakini jini linaloshika adabu ya ukwe ni la kwanza. Na mwenye kucheka kuliko wote, ameinama, Biblia imeteleza mpaka kwenye mkeka, alikuwa Mchungaji Damas. Naye ni Mgogo, naye ameoa. Kila anayesali pale amewahi kumwona Jumapili ambayo mama mkwe wake huja kutoka Mvumi: anavyompa mkate wa Meza ya Bwana akitazama dirishani.

Sasa sheria ya mchezo ni kwamba aliyetajwa lazima ale. Luka alikuwa amechuchumaa nyuma ya tenki la maji, pembe zinaonekana juu yake, na alituma neno kwamba hataingia hata kwa kuburutwa na trekta. Bibi akasema biskuti zake haziwezi kulala. Hilda hawezi kumpelekea, haifai. Basi Mchungaji akasimama, akapanga biskuti kwenye sahani, akaenda nayo nje mwenyewe, katika manyunyu. Waliochungulia dirishani waliwaona wawili wale wamechuchumaa nyuma ya tenki, mwenye kola nyeupe na mwenye ngozi ya mbuzi, wanakula na kufutana makombo kwa vicheko vya chinichini.

Aliporudi, viatu vina tope, alisimama mbele ya Hilda.

"Mama, shetani sijamwona," alisema. "Nimekaa nimemsubiri, nakuambia kweli. Zile pembe ziliponijia nilianza sala. Lakini sijasoma popote kwamba shetani anamheshimu mkwe."

"Sare yangu?"

"Kaa nayo. Ila mwaka ujao uniombe ruhusa mapema, ili katekista asipate shida."

Hilda akamtazama juu chini, kijana wa umri wa mwanawe.

"Sala nitasali nawe kabla hawajaingia, Mchungaji, hilo nakupa. Ruhusa ya kumtembelea jirani sitaomba."

Mchungaji alichukua biskuti nyingine.

Bibi Truda jioni ile hakutaka kuinuka kitini. Alikuwa akiupapasa mkono wa Hilda, akimuuliza tena na tena pembe zilivyokwaruza, kibuyu kilivyofunikwa, na kila Hilda aliposimulia alicheka upya. Mwishowe akasema Alois angetoa shamba zima kuona vile. Kisha akalia kidogo, kilio kizuri, cha mtu aliyeshiba. Luka naye alileta mbuzi siku ya tatu yake, kupitia kwa Gladness, wa kuosha aibu, na Hilda akampokea mbuzi bila kuuliza ametoka kwa nani, kama inavyotakiwa.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa kuliko Krismasi yenyewe, maana watu walikuja kuona Hilda atakaa wapi. Alikuja na sare, imenyooka. Akaenda benchi la mbele, mahali pake. Baada ya matangazo katekista Petro, ambaye hakuwa amesikia yote au alisikia akayakataa, akasimama na kusema kwa kuwa Mchungaji amesamehe, basi mama kiongozi asogee mbele aombe radhi kwa usumbufu uliolipata kanisa, jambo liishe kwa amani.

Mchungaji alifungua mdomo, Hilda akamtangulia. Alisimama palepale benchini, hakusogea mbele. Hakupandisha sauti.

"Hakuna aliyenisamehe, kwa sababu sijakosa. Mama yule alilala chini kwa ajili yangu, na mimi nikamchomea vibuyu. Anayetaka kuombwa radhi, kwanza aniambie alilala wapi yeye wiki ile Chilewa alipokufa."

Petro alitazama viatu vyake. Alikuwa amelala kwake, na wote walijua. Halafu kwenye benchi la nyuma mwanamke mmoja wa wale waliokuwa wakizunguka njia ya nyuma akaanza wimbo, sauti yake inatetemeka, akauanza chini mno. Hilda alisikiliza mstari mmoja, akatikisa kichwa kwa jinsi unavyoharibiwa. Akatoka benchini, akaivuta ngoma katikati ya magoti yake, akaupandisha wimbo mahali pake.